Mawe ya Mdomo wa Kijito

Kijito cha Mawe Mawili, Mto Klamath, California
Aprili 30

Mwanangu Nadine,

Soksi nimezipata, na miguu inakushukuru. Mimi mzima, mgongo ndio ule ule. Simu huku bado haishiki, kwa hiyo vumilia karatasi. Mama wa posta anapita Jumanne na Ijumaa, nami humngoja barabarani na kikombe changu cha kahawa.

Mwaka huu theluji haikukaa mlimani. Ilinyesha mvua tu, ikapita zake. Aprili haijaisha, mto umeshaonyesha mbavu, na mwani umejaa mpaka mawe yanateleza kama sabuni. Vifaranga wa samoni wameanza kuteremka kwenda baharini, wadogo, urefu wa kidole changu cha kati.

Sasa nisikilize. Jumapili asubuhi nimekuta kumi na tisa wamekufa pale mahali petu, kijito kinapoingia mtoni. Jumatatu nikakuta arobaini na wawili. Matumbo yamevimba, mashavu yamekuwa meupe, na huku nyuma wanatoka damu. Nina miaka sitini na minane kwenye mto huu na sijawahi kuona vifaranga wakifa pale. Pale ndipo wanapokimbilia maji baridi wapumzike kabla ya kuendelea na safari.

Kitu kipya mwaka huu ni kimoja tu, nacho ni mtego wa mumeo. Lile pipa la chuma linalozunguka wamelifunga hatua mia mbili chini ya kijito changu. Wendell anawakamata, anawakata kipande cha pezi, anawatia kwenye ndoo, halafu anawabeba kuwarudisha juu, karibu kabisa na kwangu, eti aone ni wangapi watakamatwa tena. Nani amewahi kubebwa kwenye ndoo akabaki mzima? Nimemuuliza, akanijibu kwa upole kwamba maji ni ya moto na ni machache. Upole huo ndio unaonitia wasiwasi. Watu wa kwao, huko mto unakoingia baharini, ni wapole hivyo hivyo mpaka ushtuke wamekalia kiti chako.

Nakutumia samaki sita kwenye kopo la kahawa, na barafu juu. Wewe ndiye uliyesoma. Niambie wamekufa kwa nini. Na mumeo asijue kwamba nimekuletea.

Shangazi yako,
Oleta

*

Maabara ya samaki, Oregon
Mei 9

Shangazi mpendwa,

Kopo limefika. Barafu haikufika. Mwenzangu mmoja aliona picha ya kahawa akalifungua kwa furaha, na mpaka leo hataki kuzungumza nami.

Samaki wako nimewapasua mwenyewe. Utumbo umeoza. Ni ule ugonjwa wa vijidudu vinavyotoka kwenye vinyoo vya tope na mwani, huko mtoni. Kila mwaka vipo. Kifaranga akipita upesi kwenye maji baridi anaugua kidogo, anapona, anafika baharini. Maji yakiwa ya moto na hayaendi, mwili wake unachoka kupigana, na wakibanana wengi mahali pamoja wanaambukizana na ule mwingine wa mashavu. Hao sita wako walikuwa na yote mawili. Mtego hauwezi kumpa samaki ugonjwa huo, Shangazi, wala ndoo haiwezi.

Naomba unisaidie kitu kimoja. Waangalie vifaranga wanakaa siku ngapi hapo kabla ya kuendelea. Na ule ukuta wa mawe, kwa kuwa unafika magotini na mto umeshuka hivyo, maji yaliyo nyuma yake yanazunguka au yametulia tu? Andika chochote utakachoona, hata kidogo.

Na Wendell sijazungumza naye habari hizi, kama ulivyotaka.

Mwanao,
Nadine

*

Kijito cha Mawe Mawili
Mei 15

Nadine,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naishia pale pale. Mimi sikukuandikia habari ya ukuta. Kama unayo barua yangu, irudie. Nilikuandikia samaki, mtego na kopo. Wewe uko mbali huko, siku nzima ya gari, umejuaje kwamba mwaka huu unafika magotini?

Nikuambie mwenyewe, basi. Jumatano ya tarehe sita nilikuwa barazani na darubini ya kuwindia kulungu. Nikamwona mumeo anafunga mtumbwi wake, anavuka mdomo wa kijito, anapiga magoti kwenye bwawa langu lililo nyuma ya ukuta, chupa mkononi. Hakubisha hodi. Mahali pale ni pa ukoo wetu tangu kabla ya barabara, na hata jirani yangu niliyezeeka naye huomba kabla ya kukanyaga. Alikuwa anamimina nini kwenye maji yangu? Siku tatu baadaye nikahesabu maiti mia na sita.

Ukuta unaouulizia ni wangu. Kila Aprili naupanga kwa mikono hii ili maji baridi ya kijito yasipotee haraka na watoto wa samaki wapate pa kujificha. Mwenzangu wa nyumbani niliyekuwa nikipanga naye jina hatumtaji, mwaka haujapita tangu tumzike. Ukuta huo haujawahi kumdhuru mtu. Kila Mei maji makubwa huja yenyewe, nikirudi kutoka kazini naukuta umekwisha, mto umeubomoa na kuyatupa mawe karibu kabisa na njia yangu, utadhani unajua mgongo unaniuma. Mwaka huu maji makubwa hayakuja. Ukuta umesimama, nami nashukuru, kwa sababu angalau hao waliobaki wana pa kujikinga na mumeo.

Tarehe sita Juni kuna mkutano wa baraza la watu wa mto. Nitasimama niseme. Nataka mtego uondolewe na huyo bwana asifanye kazi tena kwenye sehemu yetu ya mto. Wewe ni damu yangu, yeye ni mtu uliyemleta Oktoba. Ukinificha jambo kwa ajili yake nitajua, na sijui kama nitaweza kusahau.

Oleta

*

Kambi ya mtego
Mei 18

Mke wangu,

Shangazi yako ananiona hata nikipiga chafya. Jana nilimpungia mkono, akaishusha darubini taratibu, akaipandisha tena. Nimeshazoea, ila chakula kinanikwama kooni nikijua kuna mtu anahesabu ninavyotafuna.

Vipimo ulivyoniagiza ni hivi. Kijito chenyewe, juu ya bwawa, digrii kumi na tatu. Ndani ya bwawa, saa tisa alasiri, digrii ishirini na mbili. Mto umeshuka mpaka maji hayapiti tena juu ya mawe, yanapenya tu kwenye vijitundu ambavyo kifaranga hawezi kupita. Waliingia Aprili kukiwa na mlango, sasa mlango umefungwa. Wamejazana humo, chini tope, juu mwani, jua linawapiga mchana kutwa. Wale ninaowakamata kutoka katikati ya mto, katika kila mia, thelathini ni wagonjwa. Niliowachota bwawani kwa ajili yako, katika ishirini, kumi na tisa.

Mawe yale nayaweza kwa asubuhi moja. Lakini si mahali pangu, na nilishakosea kukanyaga pale bila kuomba. Nilifanya kwa sababu uliniambia akiulizwa atakataa na samaki wataisha. Sawa, nilikubali, kosa ni letu sote wawili. Ila umwambie, Nadine. Lile uliloniambia juu ya mawe siwezi kulisema mimi. Siwezi kusimama mbele ya mama aliye kwenye msiba nikamtajia marehemu wake. Hata akinitukana kwenye mkutano nitanyamaza. Hilo neno ni la kwenu.

Usichelewe. Leo asubuhi maji yananuka.

Wendell

*

Oregon
Mei 23

Shangazi,

Nilikudanganya. Wendell nilizungumza naye siku ile ile ulipofika ujumbe wako, nilimpigia redio ya kambini. Mimi ndiye niliyemtuma bwawani. Hakumimina kitu, alikuwa anachota maji anipimie. Nilijua ukiombwa utakataa, nikaona bora nikuibie kuliko nikuombe. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya, na yeye amenyamaza ili kunilinda.

Sasa nitaandika jambo ambalo sikutakiwa kuliandika kabla ya mwaka kupita. Jina silitaji. Nisamehe, sina njia nyingine.

Yule uliyekuwa ukipanga naye mawe alikuwa akiyabomoa. Kila mwaka, Shangazi. Maua meupe ya kando ya kijito yakianza kudondoka, alingoja uende kwenye kazi yako ya jikoni shuleni, akashuka kubomoa. Nilikuwa na miaka saba aliponichukua mara ya kwanza. Alinionyesha jinsi ya kutia mkono majini nyuma ya ukuta: yakikaa baridi, ngoja; yakianza kuwa kama chai iliyosahauliwa, bomoa siku hiyo hiyo. Alisema vifaranga wakipewa nyumba wanalewa usingizi, lazima mtu awafukuze waende baharini. Akaniambia nisikwambie, kwa sababu ulikuwa umeyabeba kutwa nzima na ungeumia. Wewe ukarudi, ukasema maji makubwa yameuchukua, na yeye akaitikia.

Haukuwa mto. Miaka mingine mto ulikuwa mdogo kama mwaka huu, na bado ukuta ulikutwa umebomoka. Nilijua haya tangu barua yako ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuubomoa. Nikaogopa kukuambia, nikaenda kutafuta digrii na chupa ili ziseme badala yangu.

Ufungue leo. Anzia upande wa mto, tundu la upana wa mikono miwili tu, watatoka wenyewe. Siwezi kuacha matangi hapa, nina samaki hai mia nne na zamu ni yangu mpaka katikati ya Juni. Lakini mwite Wendell, atakuja hata usiposema asante.

Tafadhali usisimame kwenye mkutano kabla hujatia mkono kwenye maji.

Mwanao,
Nadine

*

Kijito cha Mawe Mawili
Mei 29

Nadine,

Bahasha yako imefika. Ni nene. Mtu akiwa na ukweli haandiki kurasa zote hizo, kwa hiyo najua umo utetezi wa mumeo. Sijaifungua. Nimeiweka chini ya redio, na huko itakaa mpaka nitakapotoka kwenye mkutano. Sitaki kwenda kusema ya kwangu nikiwa na maneno yako kichwani.

Sitii tena hata mguu pale mdomoni. Harufu imenishinda. Nimewaachia ndege.

Oleta

*

Kijito cha Mawe Mawili
Juni 9

Mwanangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu juzi.

Tarehe tano mwenye duka aliniletea ujumbe uliompa kwa simu ya dukani, kwamba umeomba niifungue barua. Nikamwambia nitaifungua nikishamaliza kusema. Nilikuwa nimeshapiga pasi gauni.

Nikasema. Ukumbi ulijaa. Nilisema habari za ndoo, za mapezi yaliyokatwa, za chupa. Nilisema kuna watu wanaoa kwenye ukoo ili wapate njia ya kufikia maji ya ukoo. Mama yake Wendell alikuwepo, Nadine, mstari wa pili, na kikapu cha mkate alichotuletea. Mwenyekiti akamwuliza mumeo kama ana la kujibu. Akasimama, kofia mkononi. Nikangoja ajitetee, nilikuwa nimejiandaa kwa kila atakachosema. Akasema maneno haya tu: "Nilikanyaga mahali pa mama bila kuomba. Kwa hilo naomba radhi." Akakaa.

Nikaona huyo amekiri. Baraza likakubaliana mtego ufungwe kwa muda na yeye aondoke kambini mpaka wachunguze. Watu wakanipa mikono. Nikarudi nyumbani nikala vizuri, samaki wa moshi na uji wa kokwa za mwaloni, nikanawa mikono, nikaifungua bahasha yako.

Sikuimaliza nikiwa nimeketi. Nilishuka na gauni lile lile la mkutano nikatia mkono nyuma ya ukuta. Chai iliyosahauliwa. Ni maneno yake kabisa, na kwenye karatasi yako nilimsikia mwenyewe. Nililia mpaka nikakohoa.

Nikaanza kubomoa. Upande wa mto kwanza, kama ulivyosema. Mawe yale niliyoyapanga mwezi wa nne nikijisifu hayakutaka kutoka, yameshikwa na tope. Wanaoelea walikuwa wengi, sikuhesabu safari hii. Nilipopata tundu la mikono miwili maji yakavuta, na wale wachache waliokuwa hai wakabaki wamesimama wakielekea kwangu, hawataki kutoka. Nikawafukuza. Niliwapigia maji kwa viganja, nikawatukana, nendeni huko, mnangoja nini kwa bibi kizee. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, halafu kundi. Labda mia mbili. Aprili walikuwa maelfu.

Yaani mimi ndiye niliyewafungia ndani. Nilikaa barazani na darubini siku zote hizo, nikimtafuta anayewaua, na ukuta wangu uko mbele yangu.

Asubuhi yake nilimwomba mwenye duka anipeleke mpaka mdomoni mwa mto. Nilikwenda kwa mama yake Wendell kwanza, kwa kuwa yeye ndiye niliyemvunjia heshima mbele ya watu. Hakunikaribisha haraka, na ana haki. Mumeo alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza wavu. Nilimwuliza kwa nini hakusema pale ukumbini. Akaniambia: "Ulikuwa na msiba, mama. Ningekutajiaje?" Mimi nilimwita mwizi mbele ya watu wote, na yeye alikuwa anaulinda msiba wangu.

Nimempa ruhusa ya mahali petu. Si ya kuomba kila mara. Avue pale, apime pale, watoto wenu wavue pale. Baraza linakaa tena tarehe ishirini, nitasimama tena nilipokuwa nimesimama na nitayasema haya yote, kwa sauti ile ile. Usije kunishika mkono. Nilikwenda peke yangu kumharibia, nitakwenda peke yangu kumsafisha.

Kuna jambo moja linanila. Miaka thelathini na tisa tulipanga ule ukuta pamoja, nami kila mwaka narudi kutoka kazini namwambia mto umeuchukua, na ananiitikia kwa uso mkavu. Nimemshuku mumeo, nimekushuku wewe, wenzako wa maabara, wenye mashamba huko juu, hata mama wa posta niliwahi kumshuku kwamba anafungua barua. Yeye sikumshuku hata siku moja. Wewe ulikuwepo. Nakuruhusu uandike, ila jina usiliweke. Nilivyokuwa nimevunjika mgongo kwa yale mawe, na yeye akiyatupa: alikuwa ananicheka?

Shangazi yako,
Oleta

*

Oregon
Juni 14

Shangazi yangu,

Hakucheka. Na hakuyatupa.

Kubomoa kulikuwa kazi ya nusu saa. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mchana mzima, nami nilikuwa nachukia kwa sababu nilitaka kuogelea. Alikuwa anayabeba mawe moja moja kutoka majini, anayapandisha mpaka kando ya njia yako, yale mazito ayaweke karibu kabisa, mepesi nyuma yake. Halafu anayamwagia mchanga na matawi juu, ionekane kama mto ndio ulioyaleta. Nilimwuliza mbona tunajichosha, si tuyaache tu majini. Akasema mwakani utayataka tena, na hapa hutainama sana.

Zamu yangu inaisha kesho. Nitafika Jumanne, na mkutanoni sitakushika mkono, nitakaa mstari wa pili na mama yake Wendell. Mawe uliyoyatoa yaache hapo hapo ulipoyaacha. Mimi na Wendell tutayapandisha.

Mwanao,
Nadine